Je, Wajua? Breka Haikuwekwa kwa Ajili Yako

Je, wajua kwamba ile breka iliyo kwenye kisanduku cha umeme sebuleni haikulindi wewe? Inalinda waya. Kazi yake ni kukata umeme kabla waya haujachemka hadi kuyeyusha ganda lake na kuwasha dari. Breka ya ampia 32 itapitisha ampia 32 kutwa kucha bila kunung'unika, na ukishika waya ulio wazi, kwake wewe ni globu nyingine tu iliyowashwa.

Je, wajua binadamu anahitaji umeme kiasi gani ili afe? Kidogo mno. Ampia moja ina miliampia 1,000. Ikipita mwilini miliampia 1, unasikia mchonyoto. Zikifika 10 hivi, misuli ya mkono inakaza. Zikifika 30, kifua kinaweza kubana na pumzi ikakwama. Zikizidi 50 na kupita kifuani kwa sekunde chache, moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Sasa chukua ile globu ya LED ya wati 9 ya barazani. Gawa 9 kwa volti 230 za umeme wa Tanzania, unapata miliampia 39. Taa ya barazani, basi, inatumia umeme unaotosha kuwaleta majirani na mkeka.

Je, wajua kwa nini aliyeshika waya haachii? Mitaani tunasema umeme umemnasa. Umeme hauna makucha. Ni misuli yake mwenyewe: ya kufumba kiganja ina nguvu kuliko ya kukifumbua, na umeme ukiiamrisha yote kwa pamoja, ya kufumba inashinda. Anayemrukia na kumkumbatia ili amwokoe anaganda naye, na hapo misiba inakuwa miwili. Zima meni swichi kwanza. Kama haifikiki, tumia mpini wa ufagio wa mti mkavu au kiti cha plastiki, nawe uwe umesimama pakavu. Hayo ni ya umeme wa ndani ya nyumba. Waya ukianguka kutoka nguzoni usijaribu hata hilo. Kaa mbali, zuia wengine, wapigie wenye umeme wao.

Je, wajua kwamba kipo kifaa kilichowekwa kwa ajili yako? Mafundi wanakiita RCD, na wazee wao bado wanasema ELCB. Ni kama mlinzi wa getini anayehesabu walioingia na waliotoka. Umeme unaondoka kwa waya wa laivu na unatakiwa urudi wote kwa waya wa nyutro. Ukipungua miliampia 30 njiani, maana yake kuna mahali unavuja: labda kwenye ukuta uliolowa, labda kwenye mwili wa mtoto. RCD ya nyumbani haiulizi ni wapi. Inakata, tena ndani ya sekunde 0.3.

Nenda kaangalie kisanduku chako kama kimo. Kinatofautiana na breka za kawaida kwa alama moja, kitufe kidogo chenye herufi T. T ni ya kujaribu. Ukikibonyeza, kifaa kinajitengenezea mvujo wa bandia na kujizima kwa kishindo: tak! Ushauri wa kawaida ni kukibonyeza walau kila baada ya miezi 6. Mimi nilikaa na changu miaka minne bila kukigusa, nikijiona mtu makini kwa sababu tu nilikinunua. Siku nilipokibonyeza hakikusema kitu. Nikabonyeza tena kwa kidole gumba mpaka ukucha ukauma. Kimya. Miaka minne nilikuwa nimeajiri mlinzi maiti. Kipya kilinigharimu chini ya bei ya ile taa ya urembo ya sebuleni ambayo nusu ya globu zake haziwaki.

Je, wajua kwamba hata RCD nzima ina upofu wake? Ukishika laivu kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, na mwili haujagusa ardhi, umeme unaondoka sawa na unaorudi sawa. Hesabu ya mlinzi imekamilika. Unaungua mbele yake akidhani wewe ni pasi.

Je, wajua kandambili zilizo kando ya friji zinasema nini? Kwa shangazi yangu Tanga zilikuwa jozi moja ya bluu, za kila mtu. Anayetaka maji baridi anazivaa kwanza, kwa sababu "friji inauma kidogo". Watoto walifundishwa hivyo kama wanavyofundishwa kunawa mikono. Ukiingia nyumba yenye kandambili za friji, au kipande cha boksi chini ya mlango wake, jua mambo mawili: umeme umevuja hadi kwenye bati la friji, na waya wa erthi haupo, au upo kwa jina tu. Erthi ndiyo njia ya mkato ambayo umeme uliovuja unapewa ili usipite kwenye mguu wa mtu. Bila njia hiyo unasubiri mguu.

Je, wajua kwamba nondo ya erthi peke yake inaweza isitoshe? Hapa naomba subira, maana ndipo mafundi wengi wanapokosea na wenye nyumba wengi wanapodanganyika. Nondo ya kawaida ya shaba ina urefu wa mita 1.2 hivi, nayo inapigwa ardhini nje ya nyumba. Udongo mbichi unapokea umeme vizuri. Udongo mkavu, wa mchanga au wa mawe unaukataa. Tuseme nondo yako ina ukinzani wa omu 50, jambo lisilo la ajabu kiangazi. Friji ikivuja, mkondo utakaokwenda ardhini ni volti 230 gawa kwa 50, yaani ampia 4.6. Breka ya ampia 32 inaziona ampia 4.6 kama birika la nusu lita. Haikati. Friji inabaki na umeme mwilini, erthi ipo, breka ipo, na bado inauma. RCD ndiyo itakayoshtuka, kwa sababu ampia 4.6 ni zaidi ya mara 150 ya miliampia 30. Viwili hivi ni mke na mume. Ukinunua kimoja umenunua nusu.

Nondo hizo zina adui mwingine, naye si kutu. Shaba ina soko kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na waya wa erthi unapita nje ya ukuta, chini, mahali pa giza. Uliutazama lini wako?

Je, wajua kwa nini mguu wa juu wa plagi ya miguu mitatu ni mrefu kuliko wenzake? Ni wa erthi, unaingia wa kwanza na kutoka wa mwisho. Tena ukiingia unafungua vifuniko vidogo vinavyoziba matundu mawili ya chini. Plagi hii tuliirithi kwa Waingereza. Kamati ya watu 20 iliyofikiria umeme wa nyumba za baada ya vita ilikuwa na mwanamke mmoja tu, mhandisi Caroline Haslett, na usalama wa mtoto mdogo sakafuni ulihesabiwa mapema. Kiwango chake, BS 1363, kilitolewa mwaka 1947.

Nasi tukafanya nini? Tukachukua chaja ya miguu miwili, tukachokonoa tundu la juu kwa kalamu au njiti ya kiberiti ili vifuniko vifunguke, tukaisukuma. Kila nyumba ninayoijua imewahi kufanya hivyo, yangu ikiwamo. Kwa tendo hilo soketi imeambiwa kwamba erthi imefika, na iliyofika ni njiti ya kiberiti. Mtoto anakutazama, na kesho atakuwa na msumari. Adapta nzuri haina bei ya kutisha.

Je, wajua kuna fyuzi ndani ya plagi yenyewe? Fungua parafujo utaiona, kimrija kidogo. Za kawaida ni ampia 3 kwa vitu vidogo kama taa ya mezani na redio, na ampia 13 kwa birika na pasi. Anayeweka ya 13 kwenye taa ya mezani anauacha ule waya mwembamba wa taa uungue kwanza ili fyuzi ipone. Kuna wanaokwenda mbele zaidi na kuifunga fyuzi iliyokufa kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Hao hawana fyuzi. Wana kiberiti.

Je, wajua ekstensheni yako ina kikomo kilichoandikwa chini yake? Geuza usome. Ya ampia 13 inabeba wati 2,990, basi. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 zimeshavuka. Matundu sita si ruhusa ya vitu sita. Na joto la waya haliongezeki polepole: ukiongeza mkondo mara mbili, joto linakuwa mara nne, mara tatu, mara tisa. James Joule alilipima hilo karne ya 19 na hakuna ekstensheni ya Kariakoo iliyopata msamaha. Kama ni ile ya kuzungusha kwenye gurudumu, ifungue yote hata kama unaenda hatua tatu, kwa sababu waya uliojikunja wenyewe hauna pa kutolea joto. Na isipite chini ya zulia.

Je, wajua harufu ya samaki inaweza kuwa ni soketi? Plastiki na gundi za baadhi ya vifaa vya umeme zikipata moto hutoa harufu inayofanana na samaki, wengine wanasema mkojo. Sisi wa pwani tuna shida hapo, kwa kuwa nyumba yenye harufu ya samaki haimshtui mtu. Basi jiulize tu: leo tumepika nini? Kama ni maharage, pita ukishika kila soketi kwa mgongo wa kiganja juu ya plastiki yake. Iliyo na joto, au yenye doa la kahawia, izimie umeme ubaoni na umwite fundi.

Kinachoipasha joto mara nyingi ni parafujo iliyolegea. Waya ukishikwa nusunusu, umeme unapita kwenye kijisehemu kidogo, kijisehemu kinachemka, kinapoa, kinalegea zaidi. Na hapa breka haitasaidia hata kidogo, maana mkondo haujazidi. Kinachozidi ni joto, mahali pamoja, nyuma ya kifuniko cheupe kizuri. "Hitilafu ya umeme" tunayoisoma magazetini baada ya nyumba kuteketea, mara nyingine ni parafujo iliyohitaji robo mzunguko wa bisibisi. Upepo wa chumvi wa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja unaiharakisha kazi hiyo kwa kutu. Nyumba ya pwani inataka kukazwa viungo vyake mapema kuliko ya Iringa.

Je, wajua waya mweusi umewahi kuwa rafiki kisha ukawa adui? Katika mfumo wa zamani wa Kiingereza, uliojenga nyumba nyingi za kwetu, nyekundu ni laivu na nyeusi ni nyutro. Uingereza ilianza kubadili rangi za nyaya za ukutani mwaka 2004: kahawia ni laivu, bluu ni nyutro, kijani chenye mstari wa njano ni erthi. Kwenye umeme wa njia tatu mambo yanachafuka zaidi, kwa kuwa nyeusi, iliyokuwa nyutro, sasa ni moja ya njia zenye moto. Na bluu, iliyokuwa njia yenye moto, sasa ni nyutro. Nyumba ya babu iliyoongezwa chumba mwaka juzi inaweza kuwa na mifumo yote miwili ndani ya kisanduku kimoja. Fundi anayekwenda kwa rangi bila testa anacheza bahati nasibu.

Je, wajua taa inaweza kuzimika na umeme ukabaki palepale? Fundi akiweka swichi kwenye nyutro badala ya laivu, ukibonyeza taa inazima kweli, lakini kishikio cha globu bado kina volti 230 zote. Wewe unapanda kiti kubadilisha globu ukijua umezima. Dalili mojawapo ni globu ya LED inayobaki na mwanga hafifu kama wa kimulimuli baada ya kuzimwa, ingawa mwanga huo unaweza kuwa na sababu nyingine zisizo na madhara. Testa ya fundi itasema ukweli.

Je, wajua shaba inaweza kuwa rangi tu? Sokoni zipo nyaya za aluminiamu zilizopakwa ngozi ya shaba. Ni nyepesi, zinavunjika zikikunjwa mara kwa mara, na kwa unene uleule zinapata joto zaidi ya shaba. Kipimo cha dukani ni wembe: kwangua kidogo ncha ya waya. Shaba halisi ni nyekundu hadi moyoni. Ya uongo inageuka fedha. Muuza duka akikasirika umeshapata jibu bila kukwangua. Mengine ya kukumbuka dukani ni namba: waya wa 1.5 kwa taa, wa 2.5 kwa soketi, na jiko la umeme linataka mnene zaidi kulingana na wati zake. Anayekushauri utumie 1.5 nyumba nzima "ili tubane bajeti" anabana bajeti yake.

Shawa ya umeme ya papo kwa papo nayo iko kwenye kundi la walafi. Yenye wati 5,500 inakula ampia 24, karibu mara mbili ya soketi nzima, na inakula ukiwa uchi, umelowa, umesimama kwenye maji. Inataka waya wake peke yake kutoka ubaoni, erthi yake na RCD. Ukisikia mchonyoto ukigusa bomba, oga kwa kopo.

Je, wajua bati la paa linaweza kuwa na umeme wiki nzima na hakuna anayejua? Waya unaotoka nguzoni ukisuguana na ukingo wa bati kila upepo ukivuma, ganda linachubuka. Paa zima linakuwa laivu, kimya, halina kelele wala cheche. Kisha kuna kamba ya kuanikia nguo, ya chuma, iliyofungwa upande mmoja kwenye kenchi ya paa. Mama au dada anatoka na beseni, hana viatu, ardhi imelowa, ameshika kanga iliyolowa. Kamba ya manila haigharimu kitu. Ibadilishe hata kabla hujamaliza kusoma gazeti hili; mimi nitakusubiri.

Je, wajua maana ya taa kung'aa kuliko kawaida? Watu hufurahi, umeme umepata nguvu. Huenda nyutro imekatika nguzoni. Ikikatika, nyumba zilizo kwenye njia tofauti zinaanza kugawana volti 400 kati yao bila haki: yenye matumizi makubwa inapata kidogo na taa zake zinafifia, yenye matumizi madogo inabebeshwa zilizobaki na televisheni yake inatoa moshi. Ukiona kwako kunang'aa na kwa jirani kumefifia, au kinyume chake, kimbilia meni swichi. Stabilaiza ndogo ya friji si ngao ya vita hivyo.

Je, wajua jenereta ya nyumbani inaweza kumuua mtu aliye juu ya nguzo mtaa wa tatu? Transfoma inafanya kazi pande zote mbili. Inashusha umeme kutoka volti 11,000 au 33,000 hadi zako, na ukiisukumia zako kutoka kwa jenereta iliyochomekwa kwenye soketi, inaupandisha kurudi huko juu. Fundi wa laini anajua mtaa hauna umeme, ameshika waya. Swichi ya kugeuza, ile inayoachia upande mmoja kabla ya kushika mwingine, ndiyo inayomlinda. Na jenereta ikae nje, hata mvua inyeshe, kwa sababu moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini.

Je, wajua paneli ya sola haina swichi ya kuizima? Maadamu kuna jua, nyaya zake zina umeme. Tena ni umeme wa moja kwa moja. Wa nguzoni unashuka hadi sifuri mara 100 kila sekunde, hivyo cheche ikizuka ndani ya swichi inapata nafasi ya kufa. Wa sola haushuki. Cheche yake inashikilia na kuendelea kuchoma. Breka ya kawaida ya dukani, iliyotengenezwa kwa umeme wa nguzoni, si ya kufungia sola. Zipo zake, zimeandikwa DC.

Mapumziko mafupi. Je, wajua Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, inasifiwa kuwa jengo la kwanza visiwani humo kuwa na taa za umeme? Na wajua kwamba mwezi Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma kwenye kituo cha Gitaru, akazima umeme wa Kenya nzima, na akapona?

Na zile tarakimu 20 za LUKU, au za tokeni kwa Wakenya, ndani yake zimeficha saa inayohesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024, ndiyo maana tulisumbuliwa kuingiza tokeni za ziada kabla ya hapo. Jirani yangu aliapa ni ujanja wa kuongeza bei.

Turudi kazini. Je, wajua saa ya hatari ni umeme unaporudi? Zanzibar ilikaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, umeme kutoka bara ulipokatika. Kukatika kwa namna hiyo kunajulikana. Kwetu kwa kawaida ni saa mbili tatu, na katika saa hizo mtu anaacha pasi imelala juu ya shati, anafunga mlango, anakwenda kibarazani kupiga soga. Pasi haisahau. Umeme ukikatika, mkono wa kwanza uende kwenye pasi, jiko na hita. Friji izime pia, uiwashe dakika tano baada ya umeme kutulia. Kompresa inayoanzishwa ghafla wakati gesi yake bado imebana inaweza kuungua.

Je, wajua kifaa kilichochomolewa kinaweza bado kuuma? Ndani ya maikrowevu kuna kapasita inayohifadhi umeme wa volti 2,000 na zaidi, na inaweza kubaki nao baada ya plagi kutoka. Kijana hodari wa kufungua vitu afungue redio.

Moto wa umeme haumwagiwi maji. Zima meni swichi ikiwa njia ni salama, tumia kizimamoto cha unga au cha gesi ya kaboni, toka na watu, piga 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ukiwa Tanzania. Vyombo vya ndani vitanunuliwa vingine.

Je, wajua fundi umeme ana leseni kama dereva? Tanzania leseni hiyo inatolewa na EWURA, Kenya inatolewa na EPRA, nayo ina madaraja. Muulize. Fundi halali hakasiriki, anaitoa kama mtu aliyengoja kuulizwa. Kisha kabla hujamlipa mwisho, mwambie neno moja: "Megga." Ni kipimo kinachosukuma volti 500 kwenye nyaya ambazo bado hazijaunganishwa na umeme ili kuona kama maganda yake yanavuja, jibu lisipungue megaomu 1. Panya, msumari wa fremu ya picha, fundi jipsamu aliyetoboa bila kuuliza, wote wanaonekana hapo. Mtu anayejenga anapima mchanga kwa toroli na kuhesabu tofali moja moja, lakini nyaya anaziamini zikiwa zimeshafunikwa lipu.

Tangu 2020, mwenye nyumba ya kupangisha huko England analazimika kuukaguza umeme wake walau kila miaka 5 na kumpa mpangaji karatasi ya matokeo. Kwetu mpangaji anapewa namba ya mita ya pamoja na onyo la kutotumia jiko la umeme.

Shangazi wa zile kandambili alikubali kumwita fundi mwaka jana. Fundi alipima nondo ya zamani akakuta haina waya, ulikatwa siku nyingi na hakuna aliyejua ni nani. Akapiga mpya upande wa bafuni ambako udongo haukauki, akaweka RCD ubaoni, akabadili waya wa friji uliokuwa umetafunwa nyuma karibu na kompresa. RCD ikakata mara mbili wiki ya kwanza. Shangazi akalalamika kwamba ameuziwa kitu kibovu, mpaka fundi alipogundua soketi ya uani iliyokuwa inanyeshewa. Sasa friji haiumi. Nilikwenda Idi iliyopita nikaifungua peku, maji yakiwa yamemwagika chini, nikasubiri mchonyoto haukuja. Shangazi alikuwa jikoni akinitazama. "Vaa kandambili, mwanangu," akasema. Bado zipo palepale.